Kimo cha Ma Joviana

Kazi ya jioni ile ilikuwa ndogo, haikustahili hata kusimuliwa: makasha matatu ya dawa ya chanjo, gunia la barua, na safari ya chini ya saa moja kuvuka ziwa kutoka Mwanza hadi Rushenye, huku Muleba. Buberwa alikuwa ameifanya kila Jumatano kwa mwaka mzima. Angeshusha mzigo, angekula chakula cha mama yake, angelala, na asubuhi angeendelea Bukoba. Lakini ilikuwa Novemba ya mwaka wa sabini na tano, mvua zimeshika, na makasha yalichelewa kutoka bohari. Alipofika juu ya Muleba jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya vilima.

Watu wengi hudhani rubani hutua kwa kutazama saa zake za vipimo. Saa ya kimo ipo, ni kweli, lakini inahesabu futi kutoka usawa wa bahari, na bahari iko mbali sana na Muleba. Zile futi mia za mwisho mtu hutua kwa macho. Mwalimu wake wa urubani kule Soroti, mzee asiyejua kucheka, aliwaambia watafute kitu ambacho ukubwa wake wanaujua. Ng'ombe akiwa kama punje ya haragwe, bado uko juu. Ukiona miguu yake, jiandae. Ukiona mkia ukifukuza nzi, umeshafika, acha kuota.

Rushenye hakukuwa na ng'ombe. Kiwanja kilikuwa juu ya mwamba ulioangalia ziwa, kwenye rweya tupu, nyasi mbele na nyasi nyuma. Hata mgomba mmoja wa kupimia macho haukuwapo. Nyumba zote Operesheni Vijiji ilikuwa imezipanga mstari upande wa pili wa kilima. Na nyasi, ukizitazama kutoka juu, hazina ukubwa. Za futi kumi na za futi mia zinafanana.

Kwa hiyo Buberwa alimtumia mama yake.

Alimweleza siku ya kwanza kabisa, kwa utani. "Mae, ukisimama pale kwenye mawe meupe nitajua niko juu kiasi gani. Kimo chako nakijua tangu nikiwa mgongoni mwako."

Ma Joviana alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo. "Nimesomesha mtoto mpaka urubani," aliwaambia majirani, "na shukrani yake amenigeuza kigingi." Lakini utani ule aliushika kama ajira. Kila Jumatano, mvua au jua, alisimama kichwani mwa kiwanja na kitambaa chake cheupe kichwani, akainua mikono yote miwili. Akiwa kama haragwe, Buberwa alikuwa juu. Akiiona mikono, alipunguza moto wa injini. Akiyaona meno yake, magurudumu yalikuwa yanagusa ardhi.

Naye kabla ya kushuka alikuwa na swali lake moja, ambalo kwenye redio lilishakuwa kama salamu. Aliyelijibu ni Projestus, mtunza kiwanja, kijana mrefu aliyeshinda kwenye kibanda cha bati akilinda betri.

"Rushenye, Rushenye. Mae amefika?"

Kila Jumatano jibu lilikuwa moja: amefika. Jumatano ile redio ilikoroma tu.

"Projestus, unanisikia? Mae amefika?"

Mkoromo... kisha pumzi ya mtu.

"Amefika, ndugu rubani."

"Upepo?"

"Hakuna upepo."

Sauti ya Projestus ilikuwa kama ya mtu anayesoma barua asiyoielewa. Buberwa hakulitilia maanani. Aligeuza ndege juu ya ziwa, akaelekeza pua kwenye kiwanja, akatafuta kitambaa cheupe.

Kilikuwepo. Kwenye mawe, palepale.

Alikuwa mdogo kama haragwe. Bado juu, basi. Buberwa akashuka. Akangoja mikono iinuke. Haikuinuka. Alikuwa ameibana ubavuni, wima, kama mti uliochomekwa. Amechoka, alijisemea Buberwa, au ameudhika kwa kuchelewa kwangu. Akashuka tena. Mama yake hakuongezeka ukubwa. Futi mia na hamsini, alikadiria. Mia...

Ndipo harufu ikaingia. Ndani ya ndege hunuka petroli na ngozi ya viti. Hii ilikuwa harufu ya udongo, udongo wa chini, uliotoka kuchimbwa, wenye maji.

Bado alikuwa kama haragwe.

Ardhi ilimpiga.

Alidhani ana futi mia. Hakuwa na hata moja. Ndege iliruka, ikaanguka, ikaruka tena. Makasha yakagonga viti, na kioo cha saa ya kimo kikapasuka toka juu hadi chini. Hatimaye akaisimamisha. Akatazama nyuma. Mawe meupe yalikuwa pale, na nyasi. Mtu hakuwapo.

Projestus hakuja mbio kama kawaida yake. Alikuja polepole, akashusha makasha bila kusalimia, akakwepa macho.

"Mae yuko wapi?" Buberwa aliuliza. "Leo kidogo nimgonge. Kasimama kama nguzo."

Mkono wa Projestus ukabaki juu ya kasha.

"Twende nyumbani ukale, ndugu rubani."

"Nimekuuliza."

"Twende ukale kwanza."

Anayejua desturi za kwao angekuwa ameshaelewa. Mtu aliye njiani haambiwi msiba. Huachwa afike, akae, atie kitu tumboni, ndipo aambiwe. Buberwa alikuwa Mhaya wa kuzaliwa na aliijua desturi hiyo kama jina lake, lakini nani hujisomea msiba wake mwenyewe? Alimfuata Projestus kuteremka kilima. Aliona moshi wa moto uliowashwa nje ya nyumba ya mama yake. Aliona watu wamekaa chini, juu ya nyasi zilizotandazwa. Akanawa mikono. Akala kipande kimoja cha ndizi, wote wakimtazama akitafuna.

Aliyemwambia ni shangazi yake Ephrasia, dada wa marehemu baba yake, mwanamke asiyezungusha maneno.

"Mama yako tumemzika Jumapili," alisema. "Tulituma mtu Mwanza. Akaambiwa umepeleka wakubwa Tabora. Hakuacha ujumbe, maana habari ya mama haiachwi mezani kwenye karatasi. Pole, mwanangu."

Buberwa alingoja uchungu uje. Aliusubiri kama mtu anayesubiri basi ambalo amehakikishiwa kwamba lipo. Haukuja. Alihisi ubaridi kidogo mdomoni, kama mtu aliyechomwa sindano ya jino, basi.

"Alikufaje?"

"Ijumaa jioni alisema amesikia ndege."

"Ijumaa hakuna ndege."

"Tulimwambia hivyo. Akasema, 'Mwanangu anashuka na hana wa kumtazama.' Akajifunga kitambaa akaenda. Asubuhi tulimkuta kwenye yale mawe, amelala, mikono ubavuni. Hakuwa na jeraha."

Moto ulipasua ukuni.

"Shangazi," alisema Buberwa, "nani alikuwa amesimama pale leo?"

Projestus akainamisha kichwa. Shangazi Ephrasia alitema punje ya kahawa aliyokuwa akitafuna, akauliza swali ambalo Buberwa hakulitegemea.

"Ulimwona ana kimo gani?"

"Mdogo. Mdogo kuliko alivyo."

Shangazi akamgeukia Projestus taratibu. "Ulimjibu nini kwenye hilo dude lako?"

"Aliniuliza kama Mae amefika, Ma Ephrasia. Ningemwambiaje naye yuko hewani? Nisingeweza kumwambia amekufa. Nisingeweza kudanganya. Nikasema... amefika. Si ndivyo tunavyosema? Amefika kwa Mungu."

"Lisemwalo lipo," alisema shangazi, "na kama halipo linakuja. Wewe umemweka pale kwa mdomo wako."

Pengine mabishano yangeendelea, na pengine Buberwa angekaa pale mpaka uchungu umkute. Lakini kutoka chumba cha ndani kilitoka kilio. Hakikuwa kilio cha msiba.

Alikuwa Anatolia, mdogo wake wa pekee, mjamzito wa miezi minane. Alikuwa akitokwa damu tangu saa nane mchana, na mpaka dakika ile mkunga alikuwa akiwahakikishia kwamba ataizuia. Mkunga alitoka mlangoni akifuta mikono, akatikisa kichwa: kazi hii imeushinda mkono wangu. Daraja la barabara ya Bukoba lilikuwa limechukuliwa na maji wiki iliyopita. Lori la kijiji lilikuwa upande wa pili. Mwanga uliobaki ulikuwa wa nusu saa, labda na dakika chache za hisani.

"Mleteni," alisema Buberwa.

Walimbeba kwa blanketi kupandisha kilima, vijana wanne, shangazi akishika kichwa chake. Buberwa alitembea pembeni. Aliona mkono wa dada yake ukining'inia na matone yakidondoka kwenye nyasi, akajua kwamba akichelewa atakuwa amezikiwa wawili ndani ya wiki moja. Alilijua hilo vizuri. Ila alilijua kama mtu anavyojua bei ya sukari.

"Nikwambie jambo," alisema shangazi huku akihema. "Yule uliyemwona si mama yako."

"Ulisema Projestus kamweka."

"Kaweka nafasi. Aliyeikalia ni mwingine. Kiwanja hiki kilikuwa kibanja cha ukoo wa Ta Lameki, migomba yao na makaburi yao, unakumbuka? Operesheni ilipokuja aliwapigia magoti wampe siku tatu ahamishe mifupa ya watu wake. Katapila likafika siku ya pili. Wako chini ya magurudumu yako, kila Jumatano. Hao wameazima kitambaa cha mama yako."

"Wanataka nini?"

"Mimi nitajuaje? Lakini mtu hai ana kimo kimoja. Wafu hawana kimo, Buberwa. Aliyelala chini anaweza kusimama kwa urefu wowote."

Walimlaza Anatolia sakafuni, nyuma, viti viwili vikiwa vimeng'olewa. Shangazi akapiga magoti pembeni yake na rozari mkononi. Buberwa akamwambia Projestus aite Bukoba, wawashe taa. Projestus aliitikia, machozi yakimtoka.

"Ndugu rubani, nisamehe."

"Ita Bukoba," alisema Buberwa.

Ndege iliondoka ikiyumba. Walipopita juu ya mawe meupe alitazama. Hapakuwa na mtu. Hilo halikumpa faraja. Aliyekuwa akisimama pale alikuwa amekwenda mahali.

Kutoka Muleba hadi Bukoba kwa ndege ni dakika ishirini, ziwa likiwa kuliani muda wote. Jioni ile hapakuwa na ziwa. Mvua ilikuwa imekatika, upepo umekufa, na maji yamelala kama mafuta kwenye sahani. Mbingu ilikuwa ya kijivu, na maji yalikuwa ya kijivu, na mstari wa kuyatenga haukuwepo. Rubani yeyote atakwambia hayo ndiyo maji mabaya kuliko ya dhoruba. Dhoruba ina mawimbi, na mawimbi yana ukubwa.

Na kiwanja cha Bukoba mtu hukiingia akitokea ziwani.

"Bukoba hapa, Yunus anaongea," redio ilisema. Yunus alikuwa mtu wa makamo, mwongeaji, aliyewahi kufanya kazi melini. "Taa kumi na mbili zimewaka, sita kwa sita. Ila taa zimeita senene, bwana! Akina mama wamevamia kiwanja na vikapu vya kuwakamatia, nimewafukuza mpaka sauti imekauka, hawasikii. Uwe mwangalifu."

"Sawa."

"Mgonjwa vipi?"

Buberwa aligeuka. Anatolia alikuwa amefumba macho, uso wake wa rangi ya majivu. Midomo ya shangazi ilikuwa ikienda mbio juu ya rozari.

"Yupo," alisema.

Alizunguka juu ya maji, akaelekeza pua mjini. Aliziona taa. Mistari miwili ya vidoti vya manjano, mbali. Saa ya kimo, chini ya kioo kilichopasuka, ilikuwa ikitetemeka. Kiwanja cha Bukoba kipo futi elfu tatu mia saba na hamsini. Mshale ulisema elfu nne. Kisha elfu tatu mia tisa. Aliushusha moto.

Ndipo akamwona.

Mbele ya taa. Kitambaa cheupe. Wima. Mikono ubavuni.

Mdogo kama haragwe.

Buberwa alipepesa macho. Hakuondoka. Alisimama kwa utulivu wa mtu anayesubiri mgeni wake, na chini yake kulikuwa na ardhi, lazima kulikuwa na ardhi, mtu hasimami hewani. Macho ya Buberwa yalianza kupima yenyewe. Hakuyaamuru. Miaka minne yalikuwa yamefundishwa kazi hiyo, na mwaka mzima yalikuwa yamefundishwa kwa mwili ule. Kama haragwe: futi mia tatu. Juu. Shuka.

Mshale ulisema elfu tatu mia nane. Futi hamsini.

Kimojawapo kilikuwa kinadanganya. Mshale ulikuwa umepigwa na ardhi saa moja iliyopita na kioo chake kilikuwa kimepasuka. Na kama yuko futi mia tatu kweli, akiendelea hivi atavipita vikapu na taa zote na kuingia kwenye nyumba za watu.

Harufu ya udongo ikajaa ndani ya ndege.

Injini ya ndege ndogo hunguruma kiasi kwamba mtu aliye nyuma yako lazima apige kelele ndipo umsikie. Buberwa alisikia mnong'ono. Ulikuwa karibu na sikio lake, wa Kihaya, wa sauti ya Anatolia.

"Kaka."

Hakugeuka.

"Kaka... Mae anasema bado uko juu."

Buberwa alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mae anasema shuka."

Haragwe jeupe lilisimama.

"Anasema shuka kidogo tu, mwanangu. Shuka."

Mtu mwingine angemsikiliza mama yake. Mtu ambaye uchungu umeshamfika, ambaye angetoa mkono wake wa kulia kwa sauti ile, angesukuma usukani mbele akilia. Buberwa hakuwa na kitu cha kutoa. Alitazama mshale, akatazama kitambaa cheupe, na ndani yake hamkuwa na mama wala mtoto wa mama, mlikuwa na ukimya tu na futi hamsini. Ganzi ndiyo iliyomwokoa. Lakini usidhani aliishukuru.

Alivuta usukani. Akasukuma moto mpaka mwisho.

*Chrrrrrr...*

Magurudumu yalikata maji.

Ndege ilitikisika, ikapunguza mwendo kana kwamba kuna mkono umeikamata mguu, kisha ikajinasua. Matone yalipiga tumbo la ndege. Buberwa alipanda akipita juu ya taa, juu ya vikapu, juu ya bati za mji. Aliposhika mzunguko akatazama chini, upande wa kushoto. Mahali aliposimama yule mtu palikuwa maji matupu. Ufuo ulikuwa mbele kama mita mia mbili, na taa zilikuwa mbele zaidi.

"Rubani!" Yunus alikuwa akipiga kelele redioni. "Umegusa ziwa! Kuna nini? Rubani!"

"Yunus. Wale akina mama bado wapo?"

"Wapo, hawaogopi hata kifo! Nikawafukuze?"

"Waache. Waache hapohapo."

Alirudi kwa mara ya pili. Mwanga ulikuwa umebaki wa kutosha kutofautisha nyeusi na kijivu. Alikikuta kitambaa cheupe kikimngoja juu ya maji, karibu zaidi na ufuo safari hii, na hakukitazama. Alitazama mbali, kwenye taa. Aliye hai ana shughuli. Wale akina mama waliinama pembeni mwa kiwanja, migongo juu, mikono ikienda kwenye nyasi na kurudi kwenye vikapu. Walisogea, waligombana, mmoja alimpiga mtoto kofi. Migongo ile ilikua jinsi alivyokaribia, kama vitu vya kweli vinavyokua. Akaona vikapu. Akaona vitenge. Senene wakaanza kugonga kioo cha mbele kama mvua ya mchanga, na mwanamke mmoja akainua uso, mdomo wazi, meno yakionekana.

Magurudumu yakashika ardhi.

Walikuwa wakimteremsha Anatolia kwenye gari la hospitali wakati Yunus alipoinama chini ya ndege na tochi. Alivuta kwenye gurudumu uzi wa magugu ya ziwani, mrefu kama mkono, akautazama, akauangusha.

Anatolia alipasuliwa usiku uleule. Mtoto alikuwa msichana, mdogo wa kutosha kulala kwenye viganja viwili, na alilia. Mama yake hakuamka. Siku ya kwanza hakuamka, na ya pili. Nesi wa zamu, Asha, alimwambia Buberwa damu iliyopotea ni nyingi, wangoje. Akangoja kwenye benchi. Alikula alicholetewa. Watu waliomjua walikuja kumpa pole ya mama yake, naye aliwaitikia vizuri, akawauliza habari za nyumbani, nao wakaondoka wakisema amejikaza kiume. Hakuwa amejikaza. Kilichohitaji kukazwa hakikuwepo.

Alimuuliza shangazi juu ya mnong'ono.

"Sikusikia neno," alisema Shangazi Ephrasia. "Nilikuwa nimeushika uso wake kwa mikono hii. Alikuwa amezimia tangu tulipotoka mlangoni. Ila..."

"Ila nini?"

"Midomo yake ilikuwa inakwenda."

Siku ya tatu, alasiri, Asha alikuja kumwita. Anatolia alikuwa amefumbua macho. Alikuwa mwepesi kitandani kama nguo iliyoanikwa. Alimtazama mtoto kwanza, kwa muda mrefu, kisha kaka yake.

"Kaka," alisema. "Ulinisikia?"

Buberwa alivuta kiti. "Lini?"

"Kwenye ndege. Mae alikuwepo. Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, upande wa pili wa shangazi, ameshikilia mguu wangu, anahema kama mtu aliyekimbia kutoka mbali. Aliniambia nikwambie, yeye humsikii." Alivuta pumzi. "Sijui kama nilikwambia vizuri. Ulimi ulikuwa mzito. Kama kuna mtu mwingine anautumia."

"Alisema uniambie nini?"

"Panda."

Buberwa alimtazama.

"Alisema, 'Mwambie apande. Panda, mwanangu, panda, hao si mimi.' Alirudia na kurudia. Alikuwa akilia, kaka. Sijawahi kumwona Mae akilia. Nilikwambia, sivyo? Nilikwambia panda?"

Hapo ndipo basi lile lilipofika. Lilikuja lote kwa mara moja, na siku zake zote tatu za kuchelewa. Buberwa aliinamia ukingo wa kitanda akalia kwa sauti, kilio kibaya cha mtu mzima asiyejua pa kukishika, akimwita Mae, Mae, mpaka Asha akaingia mbio akidhani mgonjwa amekata roho. Alipomkuta mgonjwa yu hai na aliye mzima ndiye anayelia, akamchukua mtoto na kufunga mlango taratibu.

"Ulinisikia," alisema Anatolia, akimpapasa kichwa kwa mkono usio na nguvu. "Nashukuru. Nilikwambia."

"Uliniambia," alisema Buberwa.

Hakumwambia neno alilolisikia. Hajamwambia mpaka leo.

Alilia mpaka machozi yakakauka. Alipoinua uso, jua lilikuwa limeshuka dirishani na chumba kimeingia kijivu. Mkono wa Anatolia ulikuwa umeteleza kutoka kichwani mwake. Alikuwa amelala tena, kifua kikipanda na kushuka vizuri, macho yamefumba.

Midomo yake ilikuwa inakwenda.

Sauti haikutoka. Midomo ilikuwa ikitengeneza maneno, moja baada ya jingine, kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Buberwa aliinama ili asikie. Alisogeza sikio mpaka akahisi pumzi ya dada yake, ya joto. Mama yake alikuwa na neno kwake. Hilo hakulitilia shaka hata kidogo, na hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi ya neno hilo.

Lakini ulimi ule, ni nani angekuwa akiutumia?

Akakaa hivyo, nusu ameinama. Kisha akasimama, akamfunika dada yake vizuri mpaka kidevuni, akatoka nje kabla hajasikia.